Muziki wa Mashine katika Filamu ya Thief: Fani Tupu au Sauti ya Kazi?

Ni ada ya jarida letu hili kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani, na mara chache sana sinema. Leo tunaomba ruhusa ya wasomaji tuiache ada hiyo kidogo. Sababu yetu ni mabishano yaliyozuka baina ya wanachama wenzetu jioni moja hapa Kampala, baada ya kutazama filamu ya Kimarekani iitwayo Thief, jina ambalo kwa lugha yetu ni Mwizi. Walimu tulikuwa kumi na mmoja, na kabla chai haijapoa tulikuwa tumekwisha kugawanyika makundi mawili. Kilichotugawa hakikuwa kisa wala uigizaji, bali muziki.

Kundi la kwanza lilisema kwamba filamu hiyo ni fani tupu: taa za rangi juu ya lami yenye maji, magari yanayong'aa, na muziki wa vinanda vya umeme usionyamaza, vyote vikiwa vimetandazwa juu ya kisa cha mhalifu ili mtazamaji asiulize maswali. Kundi la pili lilisema kwamba muziki huo ndio uhai wa kazi yenyewe. Jambo hili lisingestahili karatasi ya jarida kama lingekuwa ni suala la masikio ya watu tu. Lakini mwenzetu mmoja alikuwa amekusudia kuionyesha filamu hiyo kwa wanafunzi wake wa uhakiki, na mwingine akamwambia waziwazi kwamba akifanya hivyo atawafundisha vijana kuabudu mng'ao. Hivyo hatuna budi kulitolea shauri. Nasi tunakiri mapema kwamba tulipoitazama mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, tulikuwa upande wa kundi la kwanza.

Kwanza kisa, kwa ufupi. Thief ilitoka mwaka 1981. Iliandikwa na kuongozwa na Michael Mann, mzaliwa wa Chicago, na ilikuwa filamu yake ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema. Mwaka huo huo ilishindanishwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Mhusika mkuu ni Frank, aliyeigizwa na James Caan. Frank alifungwa akiwa kijana kwa kuiba dola 40, na mambo yaliyompata gerezani yakamrefushia kifungo hadi kufikia miaka 11. Anapotoka ana ujuzi mmoja mkubwa: kufungua sefu. Mchana huuza magari yaliyokwisha tumika, na ana baa yake. Usiku huiba almasi. Ana picha moja anayoibeba mfukoni, aliyoitunga mwenyewe kwa vipande vya magazeti alipokuwa gerezani, yenye mke, watoto, nyumba, na sura ya mzee Okla, mfungwa aliyemlea. Anataka maisha yafanane na picha hiyo, na anataka haraka, kwa kuwa muda wake umeliwa. Ndipo anapokubali kufanya kazi kwa Leo, mkuu wa genge, mzee mwenye sauti ya upole anayemwita mwanangu. Leo anampa nyumba. Leo anampatia hata mtoto wa kulea baada ya ofisi ya serikali kumkatalia. Frank anavunja chumba cha hazina huko Los Angeles, na anaporudi kudai fungu lake anakuta Leo amekwisha kulila.

Muziki ulitungwa na kundi la Tangerine Dream kutoka Berlin, lililoanzishwa mwaka 1967 na Edgar Froese. Wakati wa filamu hii walikuwa watatu: Froese, Christopher Franke na Johannes Schmoelling. Hawakuwa wageni wa sinema, kwani mwaka 1977 walikwisha kuitungia muziki filamu ya Sorcerer ya William Friedkin. Muziki wao hauna zeze wala tarumbeta. Ni sinthesaiza, yaani vinanda vinavyoumba sauti kwa umeme, pamoja na mitambo ya kurudiarudia mapigo yale yale kwa kipimo kisichoyumba, na gitaa la umeme hapa na pale.

Tofauti za maoni juu ya muziki huo hazikuanza sebuleni mwetu. Roger Ebert, mhakiki maarufu wa gazeti moja la Chicago, aliisifu filamu ilipotoka. Wakati huo huo wale wanaotoa tuzo za mzaha huko Marekani kwa kazi mbovu za mwaka, ziitwazo Razzie, waliuteua muziki wa Thief katika orodha yao ya muziki mbaya kupita wote. Haukushinda aibu hiyo, lakini uliteuliwa. La kustaajabisha ni kwamba mapema mwaka 1982, majira yale yale, tuzo ya Oscar ya muziki wa filamu ilikwenda kwa Vangelis, Mgiriki aliyetumia vinanda vya umeme vile vile katika filamu ya Chariots of Fire. Basi haikuwa chuki dhidi ya chombo. Vangelis alikipa chombo kipya wimbo ambao mtu anaweza kuuimba bafuni. Tangerine Dream hawakumpa mtu wimbo wa kuondoka nao. Walitoa mapigo, mngurumo na ubaridi. Tunaonelea kwamba hapo ndipo penye kiini cha ugomvi: hadhira ilitaka muziki uifariji, nao ukakataa.

Sasa tuitazame sehemu ya mwanzo, maana humo mna ushahidi mwingi. Ni usiku, mvua inanyesha katika uchochoro wenye ngazi za chuma. Ndani ya jengo Frank ameibana keekee ya umeme kwenye mlango wa sefu na anatoboa. Mwenzake yuko nje garini akisikiliza redio ya polisi. Kwa dakika kadhaa maneno ni machache mno. Kamera inasogea hadi ndani ya tundu lile, tunaona vyuma vya kitasa vikilegea kimoja kimoja. Frank anafungua, anatupa huku na huku vitu vinavyong'aa, na kuchukua vipakiti vya almasi zisizofungwa kwenye pete wala mkufu. Kisha anavua mavazi ya kazi, na kila mtu anakwenda na gari lake.

Jioni ile tulifanya jaribio dogo ambalo tunawapendekezea walimu wengine. Tuliirudia sehemu hii bila sauti kabisa. Ilibaki kuwa picha nzuri za mtu anayevunja sheria, nasi tukawa tunangoja polisi. Kisha tukairudia na sauti. Safari hii hatukungoja polisi. Tulimwangalia fundi. Keekee inanguruma, vinanda vinanguruma, na mwenzetu mmoja wa kundi la kwanza, mtu mgumu wa kukubali, alisema kwamba hawezi kutaja mahali ambapo mashine ya Frank inaishia na mashine za wanamuziki zinaanzia. Tulimwomba ayaandike maneno hayo, akacheka. Lakini ndivyo ilivyo. Muziki huu unatoka mle mle katika chuma ambamo mtu yule anatoboa. Laiti Mann angeweka hapo vinanda vya nyuzi vya kutetemesha roho, kama ilivyo desturi ya filamu za wizi, angetuambia tuogope. Muziki wa Tangerine Dream hautuambii tuogope wala tufurahi. Unahesabu muda, kama saa ya kiwandani.

Neno kiwanda hatulitumii kwa mapambo. Mann alitaka kazi ya Frank ionekane kuwa kazi. Zana zilizotumika zilikuwa zana za kweli, na mmoja wa washauri wake alikuwa John Santucci, aliyekuwa mwizi wa kweli mjini Chicago, ambaye katika filamu amepewa kuigiza askari mla rushwa. Na Dennis Farina, aliyekuwa askari wa kweli wa mji huo, aliigiza mtu wa genge la Leo! Katika wizi wa Los Angeles Frank anatumia bomba refu la chuma linalopitishiwa oksijeni na kuwaka kwa ukali unaoyeyusha mlango wa chuma. Cheche zinaruka kama mvua ya dhahabu, vinanda vinapanda. Mlango unapokwisha kufunguka anakaa kitini, anainua kinga ya uso, anawasha sigara. Yeyote aliyewahi kumwona mchomeleaji au mfua vyuma akimaliza zamu atakitambua kikao kile. Ni uchovu wa mtu aliyefanya kazi nzuri.

Na hapa ndipo maudhui yanapoingia, wala hayakuingia kwa mlango wa nyuma. Wenzetu waliosema filamu haina ujumbe hawakusikiliza mazungumzo ya Frank na Leo baada ya wizi ule. Frank alitazamia dola 830,000. Anapewa bahasha isiyofika hata robo ya hizo, na kuelezwa kwamba zilizobaki zimewekezwa kwa niaba yake katika majengo ya maduka. Anajibu, kwa maana yake, kwamba fedha iliyo mfukoni mwa Leo ni zao la jasho lake yeye. Sisi tuliosoma uhakiki zamani, wakati kila mwalimu alitutaka tumtafute mnyonyaji katika kila tamthilia, tulitabasamu: huyu hapa, amevaa sweta, anasema kwa upole, anakupa nyumba ili asikulipe ujira. Baadaye Leo anautupa upole huo na kumwambia Frank kwamba yeye, mke, mtoto na nyumba vyote ni mali yake. Tangu hapo muziki wa mapigo yasiyochoka unapata maana ambayo haukuwa nayo mwanzoni. Mwanzoni ulikuwa mwendo wa fundi aliye bwana wa kazi yake. Sasa tunatambua kwamba mashine ile ile inaweza kuwa ya mtu mwingine, na fundi akawa kipande chake kimojawapo. Mapigo hayakubadilika, aliyebadilika ni mwenye mashine.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi walimu wa lugha kuliko watazamaji wengine, nalo ni namna Frank anavyosema. Kiingereza cha mazungumzo hufupisha maneno na kuyaunganisha, kama vile sisi tunavyosema 'nshafika' badala ya 'nimekwisha kufika'. James Caan alikataa ufupisho huo. Frank wake hutamka kila neno zima, peke yake, na kulipa nafasi yake. Caan alieleza kwamba mtu huyu hana muda wa kurudia jambo, hivyo husema mara moja na kwa namna isiyoweza kufahamika vibaya. Mann alikuwa amekwisha kutengeneza filamu ya televisheni, The Jericho Mile, mwaka 1979 ndani ya gereza la Folsom huko California, na bila shaka masikio yake yalijifunza huko jinsi wafungwa wanavyopima maneno. Sasa weka usemi huo kando ya muziki ule. Noti inapigwa, inakatika, inapigwa nyingine. Neno linatamkwa, linakatika, linatamkwa jingine. Mwanafunzi anayefundishwa kutafuta uhusiano wa mtindo na mhusika hatapata mfano ulio wazi kuliko huu.

Halafu linganisha na mahali ambapo muziki umenyamazishwa. Frank na Jessie, mwanamke anayetaka kumwoa, wanakaa katika mkahawa wa usiku uliojengwa juu ya barabara kuu, na Frank anamsimulia yale yaliyompata gerezani, kisha anatoa ile picha ya vipande. Ni mazungumzo marefu, na Caan, aliyefariki mwaka 2022, alipata kusema kwamba hiyo ni miongoni mwa kazi alizojivunia kuliko zote. Humo vinanda havimsaidii mtu. Tunamsikia binadamu, na nyuma yake magari yanapita. Mwongozaji anayetaka kutulevya kwa muziki asingekuwa na subira hiyo.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote lilitolewa na mwenzetu anayependa muziki wa Waamerika Weusi. Alisema: Chicago ni mji wa blues, kwa nini basi Wajerumani watatu? Ni swali la haki, na tena Mann mwenyewe alijiuliza. Ameeleza kwamba aliwaza kutumia blues ya mji wake, kisha akaona ingekifunga kisa katika mtaa mmoja, ilhali yeye alitaka kiwe kisa cha mfanyakazi popote alipo. Blues haikufukuzwa kabisa: mwanamuziki Mighty Joe Young anaonekana akipiga na bendi yake katika klabu. Imepewa chumba kimoja tu katika nyumba iliyokuwa yake. Tunakubali kwamba kuna hasara hapo, na hasara hiyo si ya muziki peke yake, kwani watu waliouleta muziki huo mjini hawaonekani sana katika filamu. Lakini tungependa kumkumbusha mwenzetu kwamba blues ya Chicago nayo ilipata sura yake ilipounganishwa na umeme. Muddy Waters alifika huko kutoka Mississippi mwaka 1943, na katika kelele za mji wa viwanda gitaa la kawaida halikusikika; ilibidi lipewe waya. Wazee waliopenda gitaa la shambani walilalamika kwamba roho ya muziki imeuawa. Lalamiko la 1981 ni mjukuu wa lalamiko hilo.

Tusisahau masikio ya wanafunzi wetu yamelelewa wapi. Wengi wao walizijua sinema vibandani, ambako mfasiri tunayemwita VJ hukaa na kipaza sauti, akaitafsiri filamu nzima kwa Kiluganda, akaongeza mizaha yake, akawataja watu wa mtaani. Ni sanaa ya masimulizi yenye heshima yake, na hatumdharau anayeifanya. Ila VJ haachi kimya. Filamu yenye dakika nane bila maneno kwake ni shamba lililoachwa wazi, naye atalilima. Kwa hiyo wapo vijana waliotazama mamia ya filamu za mapigano bila kupata kusikia muziki wa hata moja kwa ukamilifu. Mwenzetu aliyetaka kuionyesha Thief darasani alikuwa na hoja hiyo: hakutaka kuwafundisha wanafunzi kuupenda muziki huo, alitaka waketi nao kwanza. Sisi tunamuunga mkono, kwa sharti kwamba wanafunzi wawe wakubwa, maana filamu ina damu na matusi ya kutosha.

Kuiunga mkono si kuisafisha. Jessie, aliyeigizwa vizuri na Tuesday Weld, ameandikwa nusu. Anasikiliza, anakubali, analia, kisha Frank anamfukuza pamoja na mtoto ili asiwe na kitu ambacho Leo anaweza kumnyang'anya. Kamera inakwenda na Frank, na yule mama hatumwoni tena. Picha ya vipande ilikuwa na mke ndani yake, na inaelekea mwandishi naye hakumwona zaidi ya kipande. Okla, aliyeigizwa na mwanamuziki Willie Nelson, anapita upesi mno kwa mtu anayetajwa kuwa baba. Ebert pia aliligusa hilo katika sifa zake. Wala hatutaki kuficha kwamba mara mbili tatu vinanda vinaendelea baada ya hoja yao kwisha, kama mgeni aliyekwisha kuaga akabaki mlangoni.

Filamu zilizofuata zimelipima jambo hili kwa namna yake. Mann aliwaita tena Tangerine Dream kwa filamu ya The Keep mwaka 1983, na mapigo ya umeme juu ya taa za usiku yakawa desturi ya televisheni katika mfululizo wa Miami Vice kuanzia 1984. Mwaka 2011 Nicolas Winding Refn alipotengeneza Drive, kwa muziki wa Cliff Martinez, wengi walisema wamekiona kitu kipya. Waliokuwa wameiona Thief walijua kilikotoka. Katika nyingi ya kazi hizo za baadaye lawama ya fani tupu ina haki zaidi, kwa kuwa zilirithi mng'ao bila kurithi karakana.

Limebaki jambo moja, na juu yake tumekubaliana na kundi la kwanza. Mwishoni Frank ameilipua nyumba yake, ameichoma baa yake na magari yake, ameikunjakunja ile picha na kuitupa. Anakwenda kwa Leo usiku, anaua, anajeruhiwa, kisha anaondoka kwa miguu kuelekea gizani. Muziki wa hapo haukutungwa na Tangerine Dream, ambao hawakupatikana tena wakati huo. Ulitungwa na Craig Safan, na ndani yake gitaa la umeme linalia kwa sauti kubwa. Ni muziki mzuri kuusikiliza. Lakini ndio wa kwanza katika filamu nzima kututaka tumwone Frank kuwa shujaa, wakati mtu yule hakushinda kitu: hana mke, hana mtoto, hana rafiki, hana karakana. Tuliirudia sehemu hiyo pia bila sauti, na safari hii hatukupungukiwa na kitu. Nyasi za mbele ya nyumba, mtu mmoja anayechechemea, taa za barabarani. Tungemwachia mlio wa viatu vyake.